Umefanyiwa leza ya kamba za sauti? Mwongozo kamili wa kulea kidonda usichokiona, kutoka kwa dalali wa samaki Bagamoyo

Nianzie hapa maana hapa ndipo wengi tunapoharibu: kidonda cha leza kwenye kamba za sauti hakiumi. Yaani unaamka kutoka nusu kaputi, koo linakwaruza kidogo kama umemeza mwiba wa kibua, ulimi mzito, shingo imekaza, basi. Siku ya pili hata hayo yamepungua, unajiona mzima, unataka kumwita mtoto akuletee maji. Na huko ndani kuna nyama mbichi iko wazi, mara nyingi haijashonwa hata uzi mmoja. Ukijikata kidole na kisu cha kupara samaki maumivu yenyewe yatakuzuia kukitumia kile kidole, hiki hakikuzuii kitu. Kwa hiyo kalenda ndio iwe maumivu yako. Ukingoja mwili ukwambie utadanganyika kama nilivyodanganyika mimi.

Mi ni dalali pale soko la samaki Bagamoyo, miaka kumi na sita naita bei ufukweni, upepo huku, injini za boti kule, na kina mama wanakaanga samaki nyuma yangu moshi wote unakuja kwangu. Sauti ilipoanza kupwelea nikasema ni uchovu, nikanywa tangawizi na asali, nikatafuna karafuu, nikaacha barafu, miezi mitano ikapita hivyo hivyo. Kuja kupigwa kamera ya puani kumbe kuna kinyama kimeota kwenye kamba ya kushoto, kama punje ya mtama tu, lakini ndicho kilichokuwa kinaninyima mkate. Nikatolewa kwa leza Dar. Ninayoyaandika hapa ni niliyofundishwa na madaktari, niliyoyasoma mwenyewe nikiwa nimekaa kimya sina kazi, na niliyokosea. Daktari wako akikupa ratiba tofauti na yangu fuata ya kwake, yeye ndio aliyeona ndani.

Na kama hujafanyiwa chochote ila sauti inakwaruza wiki ya nne sasa, acha tangawizi nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie. Mvuta sigara usingoje hata hizo nne.

Kwanza ujue umekatwa wapi

Tunasema kamba lakini sio kamba. Ni mikunjo miwili ya nyama imelala kwenye mlango wa bomba la hewa, kwa mwanaume mkunjo mmoja ni kama milimita 17 hadi 21, kwa mwanamke ni mfupi zaidi. Umewahi kupasua dafu changa, ile nyama yake laini inayoteleza kwenye kijiko? Basi chukua picha hiyo. Juu kabisa kuna ngozi nyembamba sana, chini ya ngozi kuna tabaka laini kama hiyo nyama ya dafu, chini yake nyuzi ngumu, halafu msuli wenyewe. Mjapani mmoja Minoru Hirano alieleza mwaka 1974 kwamba sauti inatoka pale ngozi na lile tabaka laini vinapocheza kama wimbi juu ya msuli uliotulia. Kwa mwanaume akiongea kawaida wimbi hilo linapita zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja, kwa mwanamke kama mara 200. Piga hesabu, dakika moja ya sauti mfululizo mikunjo yako imeshagongana mara 6,000 na zaidi. Sasa fikiria zinagongana juu ya kidonda.

Kovu likiingia kwenye lile tabaka laini, ngozi inagandana na vilivyo chini yake, wimbi linakufa, na sauti inabaki ya kukwaruza. Ndio maana fundi mzuri anajitahidi asiguse chini ya pale panapolazimu, na ndio maana wewe nusu ya kazi umeachiwa.

Leza inayotumika sana kooni ni ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwanga wake hauonekani kwa macho, una urefu wa mawimbi wa maikromita 10.6, na maji yanaunyonya sana, sasa nyama ya mwili ni maji matupu, kwa hiyo inachemka na kuyeyuka pale pale ulipolengwa na mishipa midogo ya damu inajifunga. Leza hiyo aliitengeneza Kumar Patel kwenye maabara za Bell, Marekani, mwaka 1964, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari Strong na Jako wa Boston wakaiingiza kooni. Kuna nyingine ya mwanga wa kijani, nanomita 532, hiyo inapenda damu, yaani damu ndiyo inayounyonya mwanga wake. Watu wanaiongelea leza kama muujiza, mi siioni hivyo. Ni moto. Unaacha ukingo ulioungua kidogo, na nyama iliyoungua inachukua muda zaidi kujisafisha kuliko iliyokatwa na kisu. Vinyama vingi tu vinatolewa na visu vidogo vya baridi na watu wanapona vizuri, kwa hiyo kama wewe ulikatwa kwa kisu usijisikie umepunjwa, hatua nyingi za huku chini ni zile zile.

Kabla hujaruhusiwa uliza mambo matatu na uyaandike: wametoa nini, wamekwenda kina gani, na ni upande mmoja au zote mbili. Hilo la tatu watu hawaulizi. Vidonda viwili vikitazamana pale mbele mikunjo inapokutana, vinaweza kupona vimeshikana, vikafanya utando katikati kama wa miguu ya bata. Daktari akikwambia leo nimefanya upande mmoja utarudi tena baadaye, usilalamike nauli. La nne sio swali ila deni: kinyama kilichotolewa kinatakiwa kwenda maabara, na wewe unatakiwa upate majibu mkononi. Usikubali "ungekuwa na tatizo tungekupigia".

Kujiandaa kunyamaza kwenye mji wa watu wa salamu

Hii kazi ifanye kabla ya operesheni, maana ukirudi huna mdomo. Bagamoyo hii kutoka kwangu mpaka barabarani nasalimiana na watu kumi na tano na kila mmoja ana habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za jana. Usipoitikia shikamoo ya mtoto wanasema umebadilika, usipomwamkia mzee umeshachukiwa na ukoo mzima. Nilikata boksi la sabuni, upande mmoja nikaandika SHIKAMOO kwa maka pen, upande wa pili MARAHABA, chini kwa herufi ndogo "nimefanyiwa operesheni ya koo siruhusiwi kuongea, sio kiburi". Nikaitundika shingoni na kamba ya nailoni. Siku ya kwanza tu nimepishana na mzee mmoja wa pale mtaani, mtu wa kuheshimika, namwinamia vizuri kabisa namwonyesha kadi, akasoma, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. Kumbe nimemgeuzia MARAHABA. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, na mi sikuruhusiwa hata kucheka.

Kwa nyumbani tulikubaliana kugonga kikombe kwa kijiko, mara moja naita mke, mara mbili mtoto. Simu nilimwachia shemeji yangu apokee, na kwenye wasapu nikaweka maandishi kwamba siongei mpaka tarehe fulani. Weka tarehe kabisa, usiandike "siku chache", watu watakupigia kesho yake kuuliza kama siku chache zimeisha.

Siku ya kwanza mpaka ya tatu, kimya kabisa

Saa za mwanzo mwili unafunika kidonda kwa utando wa damu iliyoganda, mweupe-njano, kama ule wa goti la mtoto lililochubuka. Chini yake kunavimba, chembe za ulinzi zinafagia nyama iliyoungua. Kuanzia pembeni ngozi mpya inaanza kutambaa kuja katikati. Hiyo ngozi changa ni ya kupeperuka tu, ukiigonga inachanika na safari inaanza upya.

Kimya ni siku ngapi? Zamani watu walikuwa wanafungiwa wiki mbili na zaidi. Kuna utafiti wa Kyoto, Japani, ulitoka 2017, waligawa wagonjwa, wengine wakanyamaza siku 3 wengine siku 7, halafu wote wakafuatia na mazoezi, na wale wa siku 3 ndio walitoka na sauti nzuri zaidi. Inavyoelezwa ni kwamba baada ya siku chache za mwanzo nyama changa inahitaji kutikiswa kidogo ili ijipange vizuri. Kwa hiyo usijifanye shujaa ukanyamaza mwezi kwa kudhani unajitendea wema. Ila mtu aliyekatwa kipande kikubwa kwa sababu ya saratani sio sawa na mimi wa punje ya mtama, namba yako ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi yako.

Sasa niseme kosa langu. Nilivyoruhusiwa nesi alinambia "usiongee" akaenda zake, hakuna aliyeniambia kuhusu kunong'ona. Nikawa nanong'ona siku mbili nzima, naagiza uji, nauliza mpira umeishaje, najiona mtiifu. Siku ya tatu nimerudi, yule dada wa mazoezi ya sauti akaniangalia midomo.

"Kaka, unanong'ona?"

Nikaandika kwenye daftari: kidogo tu.

"Nani kakwambia kunong'ona ni kunyamaza?"

Akanieleza kwamba watu wengi tukinong'ona tunakaza koo lote, tunabana juu ya zile kamba kusukuma hewa ipite kwa nguvu, na hewa hiyo inakausha. Kamera ikaonyesha ukingo mwekundu kuliko ilivyotakiwa, nikaongezewa siku nne. Kwa hiyo: hakuna kunong'ona, hakuna kuguna "mmh" ya kukubali, hakuna kupiga mluzi, hakuna kuimba kwa ndani huku koo linacheza. Kwenye swala nilisogeza midomo tu bila hewa, shehe wangu alinielewa.

Na kujikohoza. Hiki ndicho kigumu kuliko vyote, sababu unahisi kuna kitu kimekaa pale na unataka kukitoa "ehm, ehm". Kitu chenyewe ni huo utando na uvimbe, hautoki, na ule mkwaruzo mmoja ni kama kupiga makofi na kidonda katikati ya viganja. Ikikujia meza mate, au kunywa funda la maji huku kidevu umekishusha kifuani, au puliza pumzi fupi "ha" bila sauti. Itakujia tena baada ya dakika mbili, fanya tena. Kama una kikohozi cha kweli mwambie daktari akitibu mapema. Na kama unatumia dawa za presha za jamii ya kaptopuli au enalapili mtajie, zina tabia ya kuleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, yeye ataamua kama abadilishe, usiziache mwenyewe.

Vitu visivyofanana na sauti lakini vinagonga pale pale

Kubeba. Mtu hafikirii, lakini ukinyanyua tenga la samaki au ndoo ya maji unabana pumzi, na mlango unaobana hiyo pumzi ndio hizo hizo kamba. Wiki mbili sikunyanyua chochote kizito, vijana wa boti walininunia. Chooni ni hivyo hivyo, ukijikamua unazibana, kwa hiyo kula papai, mboga za majani, kunywa maji. Kupiga pushapu sahau.

Dawa za maumivu chukua panadoli. Aspirini, diklofenaki na ndugu zake usijinunulie mwenyewe, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Na usikimbilie duka la dawa kuchukua amoksilini kwa sababu tu "ni kidonda".

Maji, mvuke na asidi

Watu wakisikia koo kila mmoja ana dawa. Mama mkwe wangu alikuja na chupa ya asali na limao, jirani kaleta kitunguu swaumu. Niliwashukuru kwa maandishi. Ukweli ni kwamba ukimeza kitu hakigusi kamba za sauti, mlango unafungwa, chakula na maji vinapita nyuma kwenda tumboni. Kingekuwa kinagusa ungekuwa umepaliwa. Maji yanasaidia kwa kupitia damu, unakunywa saa hizi faida inakuja baadaye, kwa hiyo usinywe lita moja kwa mpigo, sambaza siku nzima mpaka mkojo uwe mweupe-njano. Operesheni yako ikiangukia Ramadhani ongea na daktari na shehe wako kabla, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

Kitu pekee kinachofika moja kwa moja ni hewa. Hapo ndio mvuke una maana, na hapo ndio watu wanaungua. Sio nyungu ile ya blanketi na majani ya mwarobaini na mkaratusi sufuria linatokota chini ya pua. Mvuke wa maji matupu, umeshaepua, umesubiri dakika tano, unakaa mbali nao kidogo, unavuta taratibu kwa pua dakika tano hadi kumi. Hizo dawa za kupaka za kunukia kwa nguvu weka mbali, ule ubaridi unaousikia sio uponyaji.

Hewa hiyo hiyo ndio inayoleta moshi. Mi nilihamia upande wa pili wa nyumba, kwetu tunapikia mkaa. Sigara na shisha mi sitasema mengi, ukiendelea kuvuta basi umetupa hela ya operesheni baharini.

Asidi ndio adui anayekuja usiku. Ukila wali wa nazi na pilipili saa nne ukalala saa nne na nusu, asidi inapanda, inamwagikia pale nyuma ya koo na kidonda kiko jirani. Nilikula saa kumi na mbili na nusu jioni kisha sili tena, maana inatakiwa yapite kama masaa matatu kabla ya kulala. Tofali mojamoja chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, sio kurundika mito, mito inakukunja tumbo. Achari, ukwaju, soda, kahawa ya jioni niliacha wiki sita. Kahawa ya pale kijiweni na kashata ndio iliniuma kuliko kunyamaza. Kama umepewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, inywe nusu saa kabla ya kula, ukinywa baada ya kula haifanyi kazi yake vizuri.

Kuirudisha sauti, kwa mrija

Siku uliyoruhusiwa kufungua mdomo usianze na "haloo". Anza na mrija wa juisi na kikombe cha maji nusu. Zamisha ncha sentimita mbili hadi tatu, puliza mapovu taratibu bila sauti, mashavu yamelegea. Mapovu yakitoka sawasawa, weka sauti ndogo ndani yake, "uuu", kama mtu anayevuma peke yake, mapovu yasikatike. Kisha pandisha na kushusha kidogo kama pikipiki inayopita mbali. Maji yanaleta kizuizi, hewa inarudi nyuma kidogo, inazitenganisha kamba zisigongane kwa nguvu huku zinatikisika. Mwanasayansi wa sauti Ingo Titze wa Marekani ndiye aliyeieneza sana hii ya mrija. Dakika tano, mara nne au tano kwa siku. Mtoto wangu alidhani nimepewa mchezo, akaleta kikombe chake, tukawa tunapuliza wawili barazani.

Baada ya siku mbili tatu za mrija nikapewa "mmm" ya kufunga midomo, unatafuta pale midomo inapowasha kwa mtetemo. Koo lenyewe lisijue kitu. Kisha maneno yanayoanza na m: mama, maji, mwezi, moja, mnada. Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe.

Ratiba yangu ya kuongea ilikuwa hivi. Baada ya kimya kuisha, dakika tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, na mtu aliye umbali wa mkono. Wiki iliyofuata dakika tano kila saa, nikawasha kengele ya simu. Wiki ya tatu kumi kila saa. Ya nne kama kumi na tano, na simu fupi fupi. Mpaka wiki ya sita nikawa naongea kawaida nyumbani, lakini sio kuita mtu ng'ambo ya barabara, sio kwenye kelele, sio ndani ya daladala la Makumbusho redio imefunguliwa mpaka mwisho, maana bila kujua unapandisha sauti kushindana nayo.

Wiki ya tatu hadi ya sita, hapa ndipo moyo unavunjika

Sauti yangu wiki ya pili ilikuwa imeanza kuja vizuri, halafu wiki ya nne ikawa nzito, inachoka mapema, inakatika juu. Nikasema kinyama kimerudi. Kumbe ngozi imeshafunika lakini chini yake mwili unamwaga nyuzi za kovu kwa haraka haraka, pamekaza. Baadaye mwili huo huo unazipunguza na kuzipanga upya taratibu, na kazi hiyo inaweza kuchukua miezi sita hata mwaka. Kwa waliokatwa zaidi, hasa kwa leza, inaweza ikaota nyama ya ziada nyekundu pale kwenye kidonda wiki za mwanzo, nyingi inasinyaa yenyewe ndani ya miezi michache, ila daktari lazima aiangalie asiiache tu.

Kosa la watu hapo ni mawili. Mmoja anakata tamaa anaacha mazoezi, mwingine anasukuma kwa nguvu ili sauti "ifunguke". Yule mwimbaji wa Uingereza, Adele, alifanyiwa leza Boston Novemba 2011, akarudi jukwaani Februari 2012. Karibu miezi mitatu, na huyo ana madaktari wa sauti wamemzunguka na hana tenga la vibua linaloharibika na jua.

Njia ya kujipima bila kujidanganya: kila Ijumaa nilijirekodi kwa simu, mahali pale pale, sentensi ile ile na kuhesabu moja hadi ishirini. Usisikilize ya leo na ya jana, sikiliza ya leo na ya wiki tatu nyuma. Ya pili, vuta pumzi, toa "sss" mpaka iishe hesabu sekunde, kisha "zzz" vile vile. Zikikaribiana hali nzuri. Kama sss ni ishirini na zzz ni kumi na mbili, bado hewa inavuja katikati, kamba hazijakutana vizuri. Ya tatu, jaribu "iii" nyembamba, ya chini kabisa kama unamwimbia mtoto aliyeshalala. Ikichelewa kutoka au ikitoka hewa kwanza, bado kumevimba, siku hiyo punguza kuongea.

Usingoje miadi

Pumzi ikiwa na mlio wakati wa kuvuta, ukipata shida ya kupumua, ukitema damu mbichi (michirizi siku ya kwanza sio kitu), homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kushindwa kumeza, au sauti iliyokuwa inarudi ikazimika ghafla baada ya kukohoa au kupiga kelele: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa shida ya pumzi usingoje hata basi.

Ulimi kufa ganzi au chakula kukosa ladha, hiyo ni kile chuma walichokupitisha mdomoni kimeukandamiza ulimi, kwa kawaida inaisha ndani ya wiki kadhaa. Mi chumvi sikuisikia siku kumi na moja, mke wangu akapumzika lawama.

Kurudi kwenye kelele

Wiki ya nane kamera ikaniruhusu. Nilikuwa nimeshanunua Kariakoo kile kispika cha kuvaa kiunoni chenye maiki ya kichwani, cha kuchaji. Nilikiona aibu kwanza, dalali na spika kama muuza sumu ya panya. Siku ya kwanza likashushwa tenga la vibua, nikasimama upepo ukiwa mgongoni sio usoni, mbali na makarai ya kukaangia, nikaanza "elfu thelathini, thelathini na mbili, nani ananipa thelathini na tano" kwa sauti ya kuongea tu, spika ikafanya kazi ya kifua. Mteja mmoja akasema leo dalali ana adabu. Tunapokezana sasa na kijana wangu, mi tenga tatu yeye tatu, na katikati nakunywa maji. Mafua yakinishika siiti bei kabisa, nashika daftari.

Miadi usiruke hata ukijisikia mzima. Mi nilionwa ndani ya wiki ya kwanza, wiki ya sita, wiki ya nane na mwezi wa tatu. Waliotolewa baka jeupe au saratani wao wanafuatiliwa miaka. Na kila ukipigwa kamera omba wakutumie picha kwenye simu. Mi ninazo tatu. Ya kwanza kamba ya kushoto ni nyekundu ina doa jeusi la kuungua, na ule ukingo nilioupata kwa kunong'ona. Ya pili ina utando mweupe-njano pembeni tu. Ya tatu zote mbili ni nyeupe, ila ukikuza picha unaona mstari mwembamba wa waridi upande wa kushoto, mke wangu anasema ni kama alama ya kisu aliyonayo kwenye kidole gumba.